Mwalimu Breki na Barabara ya Ndani

Kama hujawahi kuiona barabara kuu ya mji huu, ngoja nikupangie. Chukua barabara mbili za kawaida, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Zitenganishe, kisha katikati yake laza nyingine mbili, pana na zilizonyooka, nazo moja ya kwenda na moja ya kurudi. Baina ya zile za kando na hizi za katikati jenga ukuta wa zege unaomfika mtu mzima kiunoni. Hapo umeipata.

Zile za kando watu wanaziita Barabara ya Nje. Huko kuna vituo vya mabasi, maduka, matuta, mikokoteni, na watu wanaovuka huku wakigombana na simu. Za katikati ndiyo Barabara ya Ndani, na huko hakuna kituo, hakuna tuta, hakuna salamu. Zote zinakwenda pamoja kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho wake, bega kwa bega, kiasi kwamba aliye Nje anaweza kuona rangi ya tai ya aliye Ndani. Lakini kuhama upande mmoja kwenda mwingine ni mpaka ufike palipo na upenyo kwenye ukuta. Upenyo huo watu wanauita mlango, na milango ni michache, tena iko mbalimbali. Ukiukosa wako, umeukosa.

Pembeni mwa Barabara ya Nje, kati ya duka la vioo na karakana ya kuchomelea vyuma, kuna chuo cha udereva. Humo amefundisha, tangu angali kijana mwenye kiuno chembamba, mtu ninayetaka kukusimulia habari zake. Jina lake wanafunzi walilisahau zamani. Wanamwita Mwalimu Breki.

Gari la mafunzo, kama unavyojua, lina breki mbili, ya mwanafunzi upande wa kulia na ya mwalimu upande wa kushoto. Mguu wa mwalimu wetu haukupata kuondoka juu ya ile ya kwake. Alifunga breki kwa ajili ya mbwa aliyelala. Alifunga breki kwa ajili ya mfuko wa plastiki uliokuwa ukipeperuka zake. Mwanafunzi akifikiri tu kukosea, gari lilikuwa limeshasimama. Lakini alikuwa mpole ajabu. Hakupayuka wala hakutukana. Alisema tu, "Taratibu, mama. Hiyo ni gia, si mpini wa pampu."

Na darasani, usiombe! Alikuwa na vigari vya kuchezea ambavyo wanawe pacha waliviacha walipokua na kwenda kujitegemea. Alivipanga mezani, akaweka rula mbili za mbao ziwe kuta, akafundisha Barabara ya Ndani hadi watu wakasahau kupiga miayo.

"Unafika mlangoni," alisema, akisukuma kigari chekundu kwa kidole. "Kioo. Indiketa. Kisha unaongeza mwendo. Unafanya nini?"

"Tunaongeza!"

"Hampunguzi! Anayepunguza mlangoni anawaua wenzake kwa adabu."

Siku moja mwanafunzi mmoja, muuza rangi, alisimama akampigia makofi.

Sasa nikuibie siri ambayo chuoni hakuna aliyeijua. Mwalimu Breki hakuwahi kuendesha gari kwenye Barabara ya Ndani. Hata mara moja.

Ilipofunguliwa, alikwenda, na alivaa hata shati jipya. Akafika mlangoni, akatazama kioo, akawasha indiketa, kisha akapunguza mwendo. Nyuma yake kulikuwa na lori. Honi aliyopigiwa siku ile aliisikia mpaka kwenye meno. Akazima indiketa kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, akaendelea na Nje. Akajiambia kesho. Kesho hiyo ikapata mvi. Na kwa kuwa mtihani wa leseni ulifanyika Nje tu, hakuna aliyeuliza. Wanafunzi wakitaka kuingia Ndani aliwajibu, "Huko mtaingia wenyewe mkishapata leseni. Mimi nawapa msingi." Wakaona jinsi anavyojali msingi, wakazidi kumheshimu.

Nyumbani alikuwa na mke, Mama Pacha, mfanyakazi wa kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Zamani sana Mwalimu alijaribu kumfundisha udereva. Siku zenyewe hazikuwa nyingi. Ya mwisho, baada ya gari kuzimika mara isiyo na idadi mbele ya kituo cha mabasi kilichojaa watu, alimwambia, "Mke wangu, kuna watu Mungu amewaumba wawe abiria." Mama Pacha akasema, "Asante, Mwalimu," akafungua mlango wa gari, akashuka, akapanda basi. Tangu hapo udereva haukutajwa katika nyumba ile, kama nyumba nyingine zisivyomtaja mke wa kwanza.

Basi mambo yakaenda hivyo, mpaka mkuu wa chuo alipowaita walimu ofisini. Mkuu mwenyewe ni binti mdogo tu ambaye Mwalimu Breki ndiye aliyemfundisha kushika usukani.

"Jamani, sheria mpya imekuja," akasema. "Kuanzia sasa mtihani utafanyika mpaka Barabara ya Ndani. Na kabla ya hapo, kila mwalimu ataingia huko na mkaguzi. Asiyepita, hafundishi tena."

Walimu vijana wakaguna. Mkuu akamgeukia mzee wake kwa tabasamu. "Mwalimu, kwako ni utaratibu tu. Ndiyo maana nimekuweka wa kwanza. Ututoe kimasomaso."

"Haina shida," akajibu Mwalimu Breki, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Na hata angeijua asingeitaka. Kile kiti cha kushoto, na mtu mwenye hofu upande wa kulia akimtegemea, ndicho mahali pekee duniani alipojiona ana maana. Sasa kilikuwa kinaondoka, na njia pekee ya kukizuia ilikuwa kuingia kwenye mlango uliokuwa mbele ya macho yake kila siku ya Mungu.

Wiki ile ile alikuwa Nje na mwanafunzi wake mmoja, muuguzi, mwanamke mcheshi asiyejua kunyamaza. Foleni ikawasimamisha. Muuguzi akageuka kulia, kwenye ukuta, akapiga mluzi.

"Mwalimu, hebu muone yule mama! Anavyoendesha, utadhani amezaliwa na usukani mkononi."

Mwalimu Breki hakuwa na desturi ya kutazama kulia. Kiti chake kiko kushoto, na macho yake ni ya mtaro na waenda kwa miguu. Lakini aligeuka. Ndani magari yalikuwa yamepungua mwendo kidogo, na kati yake kulikuwa na gari jeupe la mizigo lenye picha ya shuka na mapovu ubavuni. Aliyeliendesha alikuwa ametoa kiwiko dirishani, amejifunga kitambaa cha kichwani ambacho Mwalimu Breki alikinunua kwa mkono wake mwenyewe. Mama Pacha huyo. Magari yakafunguka, naye akaongeza mwendo, akayoyoma.

Mguu wa Mwalimu ukashuka kwenye breki. Gari lilikuwa limesimama tayari.

Jioni alimkuta mkewe sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

"Basi la leo lilikuwaje?" akamuuliza.

"Limejaa kama kawaida, Baba Pacha. Nimesimama mpaka miguu imevimba."

"Pole. Ulisimama huku umeshika usukani?"

Mama Pacha akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaufuta bila haraka. Akatoa wa pili, akaufuta nao.

"Umeniona wapi?"

"Barabara ya Ndani."

"Kumbe ulikuwa Ndani?" Macho yakamng'aa kama anayepewa habari njema.

"Nilikuwa Nje."

"Ahaa."

Mwalimu Breki akawaka. Nani alimfundisha? Tangu lini? Mkewe akamtajia chuo kile cha ng'ambo ya barabara.

"Wale? Wale wasiojua hata kuegesha?"

"Hao hao. Lakini walinivumilia. Leseni ninayo tangu pacha wakiwa shuleni. Kiwandani walikosa dereva, nikajitokeza."

"Na mimi ukanidanganya miaka yote hii! Basi, basi, kila siku basi!"

"Nimekudanganya, sikatai. Sasa na wewe nijibu." Akasogeza beseni kando. "Miaka yote hii napita Ndani, kwenda na kurudi. Nakuona kule Nje na wanafunzi wako. Nikikuona napunguza redio, kwa heshima yako. Ila Ndani, Baba Pacha, sijakukuta. Nikasema labda unapita saa ambazo mimi sipo. Nikawauliza madereva wenzangu, kwa mbali tu, kama utani. Nao hawajakuona."

Mwalimu Breki akakaa chini.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kwani wewe ni mume wa nani?"

Hapo ndipo alipomweleza habari ya mkaguzi. Akaeleza yote, na honi ya lori pia. Mama Pacha alianza kwa kumsikitikia, kisha mabega yakamtikisika, mwisho alicheka mpaka akalipiga teke beseni na maji yakamwagika sakafuni. Alipomaliza kupangusa alisema tu, "Jumapili lete gari la chuo."

Jumapili wakatoka. Kwanza aliendesha mke, na mume akakaa kushoto. Waliingia Ndani na kutoka salama, ingawa mume hakuona kitu, maana alifumba macho kutoka mlango mpaka mlango. Kisha wakabadilishana viti. Sasa mume ameshika usukani, na mke yuko kiti cha mwalimu na breki yake.

"Mlango ule unakuja," akasema Mama Pacha. "Kioo."

"Nimeangalia."

"Indiketa."

"Nimewasha."

"Haya, ongeza mwendo."

"Naongeza."

"Hiyo ni breki."

"Najua ni breki!"

"Si wewe ndiye unayewaambia watu kwamba anayepunguza mlangoni—"

"Kusema ni kusema, mama!"

Wakaupita mlango. Wakaupita uliofuata, na mwingine, na mwingine, mpaka mji ukaisha. Wakanunua soda, wakageuza. Kurudi ikawa vile vile. Karibu na nyumbani Mama Pacha alitazama nje ya dirisha akasema taratibu, "Mume wangu, kuna watu Mungu amewaumba—"

"Usimalize."

"Sijasema kitu."

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha kutwa, na Mwalimu Breki aliishukuru kimoyomoyo. Ikafika siku ya mkaguzi, na mlango hajauingia.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye chupa ya chai kwapani na uso usio na mzaha. Mwalimu alipotoka chooni, mahali alipokaa kwa muda mrefu kuliko haja, mkaguzi alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, mkanda amefunga, mgongo ameupa geti. Mama Pacha naye alikuwa ndiyo kwanza amefika. Gari lake jeupe lilisimama nje ya geti, limejaa mashuka safi ya hoteli. Alisema moyoni atamtia mumewe moyo kidogo, kisha aendelee na safari yake.

Mwalimu Breki akaenda upande wa kulia, ameshika ufunguo kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Akafungua mlango.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?" mkaguzi akauliza.

"Kuendesha."

"Nani kasema nimekuja kukagua madereva? Kuendesha unajua, vinginevyo ungekuwa hapa unafanya nini? Mimi nataka kukuona ukifundisha Ndani. Mwanafunzi wako yuko wapi?"

Ungemwona mzee wa watu! Furaha ilimpanda mpaka masikioni, halafu ikashuka yote kwa mpigo. Akageukia benchi la wanafunzi.

"Nani atakuja nami Ndani?"

Wote wakaanza kukagua viatu vyao. Muuguzi ndiye aliyesema. "Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe si ulisema huko mpaka tupate leseni? Mimi hata mlango wenyewe siujui unafananaje."

Mkaguzi akatoa kalamu mfukoni. Mwalimu Breki akatazama huku na huku, mpaka macho yake yakafika getini, yakakutana na ya mkewe.

"Yule pale," akasema. "Nilimwanzisha zamani. Hajamaliza."

"Hajamaliza kwa nini?"

"Tulikosana kidogo na mwalimu," akajibu Mama Pacha, akija. "Habari za asubuhi, mheshimiwa." Mkuu wa chuo, aliyemjua Mama Pacha tangu utoto wake na aliyeona vizuri amekuja na nini, aliinua uso akaanza kuchunguza mawingu.

Wakaondoka. Na Mama Pacha, masikini, akasahau kuwa ni mwanafunzi. Aliuingia mlango kama uzi unavyoingia kwenye sindano ya fundi. Mwalimu Breki alitambua kuwa yuko Ndani alipoona ukuta wa zege, ambao maisha yake yote ulikuwa kulia, sasa unapita kushoto kwake.

"Mwalimu, mbona hufundishi?" ikatoka sauti ya nyuma.

"Anafanya vizuri, mheshimiwa."

"Naona. Huyu hahitaji mwalimu. Sasa mimi nitaandika nimeona nini? Nimeona abiria wawili?"

Mama Pacha akasikia. Akashusha pumzi, akaanza kuharibu. Na nikwambie, kuendesha vibaya bila kumuumiza mtu ni kazi ya anayejua kuendesha vizuri. Gari likaanza kulamba mstari. Indiketa ikawaka ya kulia, ikazima, ikawaka ya kushoto, na wipa zikapangusa kioo kikavu. Mwendo ukapungua.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ya unyonge, "hiki cha katikati ni cha nini tena?"

Lori lilikuwa nyuma yao. Mwalimu Breki aliliona kwenye kioo likikua. Akamsahau mkaguzi, akasahau kuwa huyu ni mkewe, akasahau kuogopa. Maneno yote ya mezani, ya rula na vigari, yakamtoka.

"Usipunguze! Kioo kwanza. Umeona? Sasa ongeza, ongeza, hivyo hivyo mama, taratibu. Macho mbele. Lori hilo halikujui wala halitaki kukujua, wewe shika mstari wako. Vizuri sana. Pumua."

Akamtoa mwanafunzi wake salama kwenye mlango wa mbele, akamgeuza, akamrudisha. Hakukanyaga breki hata kidogo.

Chuoni mkaguzi alishuka, akanyoosha koti. "Umepita, Mwalimu. Utulivu ule hauji hivihivi. Mtu akikutazama anajua huyu amekulia Ndani."

"Tunajitahidi," akasema Mwalimu Breki.

"Ila wewe mama, bado. Bado sana. Ukiingia kule bila mwalimu pembeni, utaua watu. Nimekuona, sura yako siisahau."

"Nimesikia, mheshimiwa," akasema Mama Pacha. Alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama tairi.

Mkaguzi akavuta kiti, akakaa pale pale getini na chupa yake ya chai, uso ameuelekeza barabarani. Hatua chache kutoka kwake lilisimama lile gari jeupe la mashuka.

"Baba Pacha," mke akanong'ona kupitia kwenye meno, "wageni wa hoteli wanafika mchana. Vitanda viko uchi."

"Ngoja aondoke."

"Anamimina kikombe kingine. Kaleta na mkate."

Wakasubiri. Mkaguzi alitafuna kama mtu aliyeanza likizo. Mwisho Mama Pacha aliutia ufunguo kwenye kiganja cha mumewe, akaufunga kwa vidole vyake, akaenda kukaa upande wa abiria. Mwalimu Breki akapita mbele ya mkaguzi, akapanda.

"Safi!" mkaguzi akainua kikombe. "Mpeleke mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa."

Nje foleni ilikuwa imefunga mpaka upeo wa macho. Mkokoteni wa mbao ulikuwa umemwaga mzigo wake katikati ya njia, na kila mtu alikuwa ameshuka kutoa ushauri. Palikuwa na nafasi ya kutosha kufika kwenye mlango mmoja tu. Mama Pacha hakusema kioo, hakusema indiketa. Alikunja mikono akatazama mbele.

Mwalimu Breki akatazama kioo. Akawasha indiketa. Mguu ukataka kwenda ulikozoea, akauzuia kwa mkono, kweli kabisa, akaushika goti, akausogeza mpaka ukakanyaga mafuta. Honi ikalia nyuma. Akaongeza. Ukuta ukapita, ukahamia kushoto.

"Niko Ndani," akasema.

"Uko Ndani."

"Mimi ndiye ninayeendesha."

"Naona. Lakini endesha basi, tumepitwa na trekta."

Akaongeza kidogo. Akacheka peke yake. Akafungua dirisha, akalifunga, upepo ulikuwa mwingi. Alianza kumweleza mkewe jinsi barabara hii ilivyo rahisi, na kwamba tatizo la watu wengi ni woga, na kwamba atalifanyia somo maalumu. Mama Pacha alimwachia, mpaka hoteli ilipochomoza upande wa kushoto na roshani zake zote.

"Mlango wetu ule. Anza kutoka."

Mwalimu Breki akatazama kioo. "Kuna gari."

"Linapita hilo."

"Kuna jingine."

"Yatakuwepo mpaka siku ya kiyama. Toka, Baba Pacha."

"Natoka."

"Toka!"

"Si natoka!"

Hoteli ikapita. Mlango wake ukapita. Kwenye geti la nyuma alisimama mpokea mashuka, mikono kiunoni, akalisindikiza kwa macho lile gari alilolisubiri tangu asubuhi likikata mbele yake kwa mwendo wa maandamano na kupotea.

Simu ya Mama Pacha ikaita. Akaipokea.

"Ndiyo, tuko njiani... Najua umetuona... Hapana, hatujaghairi. Tunakwenda mpaka mwisho wa mji, tunageuza, tunarudi." Akasikiliza, akamtupia jicho mtu aliyeng'ang'ania usukani pembeni yake. "Unisamehe, kaka yangu. Leo nimebeba mwanafunzi."

Mwalimu Breki hakubisha. Alikuwa anatazama kioo.